Bawaba za Mjomba

3 Februari

Mdogo wangu Kinanda,

Mimi mzima, Mama mzima, nyumba ndiyo mgonjwa. Wale mchwa walioanza na mwimo wa mlango wa mbele hawakuishia pale. Fundi seremala alipobandua rangi tukakuta mlango wenyewe umebaki ganda, ukiugonga unalia kama boksi tupu. Madirisha manne ya mbele nayo yamekwisha. Kwa hiyo sasa fundi anatengeneza mlango mpya na mabawa mapya ya madirisha, ya mbao ngumu, na ua mzima umejaa maranda. Mama kajikalisha katikati yake kama kuku anayeatamia, anamwelekeza fundi mambo asiyoyajua mwenyewe.

Kilichobaki ni bawaba. Zile za zamani, alizofua Mjomba wakati Baba anajenga, haziwezi kurudi. Kutu imezila pale zinapokunjwa kushika pini, na moja imekatikia mkononi mwa fundi. Nimekwenda dukani kuangalia. Zipo za bati jembamba, hizo hata kwenye kabati sizitaki. Zipo nyingine nene kidogo, za kiwandani, zimepakwa rangi nyeusi ili zifanane na za kufuliwa. Fundi anasema zitabeba. Nadhani nitachukua hizo.

Najua utauliza, kwani Mjomba yuko wapi? Yupo, chumba chake cha uani kilekile, ila tangu apasuliwe mtoto wa jicho amekatazwa moto. Unakumbuka jicho lake la kushoto liliuawa na cheche zamani. Amebaki na hilo moja la kulia, na daktari alimwambia mbele yangu: moto, moshi, vumbi, kuinama, kuinua kizito, vyote akae mbali navyo mpaka atakaporuhusiwa. Basi ananifuata nyuma siku nzima. Nikishona, anakaa kando ya cherehani kuniambia inataka mafuta. Nikipika, ananiambia mpini wa sufuria umelegea. Jana nilimwambia, Mjomba, nitakuoza upya upate mtu wa kumkagua. Alicheka mpaka akakumbuka kwamba hata kucheka sana amekatazwa.

Andika. Mama hamwachi mtu wa posta apite hivihivi.

Dada yako


17 Februari

Dada yangu,

Barua yako imenikuta ndiyo kwanza natoka vijijini, ambako kwa wiki nzima nimekuwa nikiwauzia pampu za maji watu wasio na visima. Nimeisoma nimesimama mlangoni, begi likiwa bado begani.

Dada, bawaba za kiwandani kwenye mlango wa Baba? Katika safari hii nililala kwenye nyumba ya wageni ya zamani sana. Milango yake imeshikwa na bawaba za kufuliwa kwa mkono, ndefu, ulimi wake umelala juu ya mbao hadi karibu na kitasa, na alama za nyundo unaziona moja moja. Ukipitisha kidole unahisi kuna mtu aliyesimama akapiga pale. Niliufungua na kuufunga ule mlango mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kimeharibika nini. Za kiwandani ni sura moja zote. Hiyo rangi nyeusi itabanduka, na chini yake kutabaki bati la mtu yeyote.

Tangu tumzike Baba sijakanyaga hapo. Husemi, lakini najua kwamba unajua. Wewe unamwogesha Mama, wewe unampeleka Mjomba hospitali, wewe unagombana na mafundi, mimi natuma salamu. Angalau hili moja lifanyike vizuri kwa sababu nimeomba. Sisemi madirisha. Nasema mlango tu. Mjomba hawezi kufua bawaba tatu, polepole, kwa siku zake?

Msalimie Mama. Mwambie nakula.

Kinanda


2 Machi

Kinanda,

Hawezi. Nimelisoma ombi lako mara mbili kwa sababu najua lilikotoka, na bado jibu ni hapana.

Hukuwepo siku ya kufunguliwa bandeji. Mimi nilikuwepo. Mjomba aliangalia mikono yake, akaigeuza, akasema, "Kumbe nimezeeka hivi." Kisha akaniangalia mimi akasema nami nimezeeka, na muuguzi akacheka. Miezi mingi kabla ya hapo alikuwa akipapasa kuta, akinitambua kwa hatua. Daktari alinivuta pembeni akaniambia jicho lile bado ni kidonda, joto la tanuri linaweza kulimaliza, na likiisha hakuna lingine la kupasua. Sasa bawaba gani hiyo?

Nakuomba kitu kimoja. Usimwandikie habari hii. Ukimwomba atafanya. Wewe ukimwomba, atafanya hata akiwa kitandani, unajua alivyo kwako. Ndiyo maana nakuomba usimwombe.

Nimerudi dukani na fundi. Tumezipima zile nene, tukaning'inia juu yake, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, mwenye duka akitutazama kama wehu. Hazikupinda. Zinatosha. Sijui kama ni nzuri, lakini zinatosha.

Dada yako


14 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimeandika kwa herufi kubwa ili usisumbuke. Nasikia unaona vizuri sasa, na moyo wangu umetulia.

Mjomba, nyumbani wanataka kuweka bawaba za dukani kwenye mlango wa Baba. Mimi niliposikia nilisema haiwezekani, mfua chuma yupo uani, tutawezaje kununua bati? Nikamwambia Dada akuombe wewe. Dada akaniambia nisijisumbue, kwamba mikono yako imekwisha, kwamba siku hizi hata msumari huwezi kuunyoosha. Sikupenda nilivyosikia hivyo. Nikasema huyo si Mjomba ninayemjua.

Silazimishi. Kama kweli mikono imekwisha, basi, tutaweka za dukani na maisha yataendelea. Lakini kama bado unaweza, ningefurahi kuliko ninavyoweza kuandika siku nitakayofungua mlango ule na kujua ni wewe.

Mpwa wako,
Kinanda


25 Machi

Kinanda,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili sikucheka.

Kwa hiyo mikono yangu imekwisha. Haya. Huyo dada yako nimembeba mgongoni, nimemtengenezea kigari cha chuma akiwa na meno ya utoto, na leo ananipima kama embe bichi. Kwangu hakusema. Kwangu anasema Mjomba pumzika, Mjomba kaa kivulini. Kumbe kivuli chenyewe ndicho hicho.

Nimekwenda kumwona fundi niliyemfundisha kazi, yule mwenye karakana nyuma ya soko. Yeye ana moto, ana fuawe yangu ileile ya kupigia chuma niliyomwuzia. Nimemwambia daktari ameniruhusu. Hakuuliza sana, alifurahi kuniona.

Sasa sikiliza, kwa sababu uchaguzi ni wako. Huo mlango nimeupima kwa mikono yangu iliyokwisha. Ni mzito. Ukiupa bawaba fupi utaning'inia kwa skrubu, na mvua ya kwanza mbao ikivimba skrubu zitaanza kutoka. Mlango kama huo unataka bawaba yenye ulimi mrefu, uvuke katikati, uzito ulale juu ya chuma chenyewe. Kwenye mwimo nitaweka vigingi vya kupigilia, na bawaba itavikwa juu ya kigingi kama pete, hivyo siku ukitaka kuutoa mlango unauinua tu, huhitaji bisibisi. Rangi sipaki. Nitazichoma zikiwa bado za moto kwa mafuta na nta, ziwe nyeusi zenyewe.

Ncha ya ulimi inataka umbo. Nina jani, nina mkia wa samaki, nina konokono. Chagua. Na dada yako usimwambie kitu. Ataona kwa macho.

Jicho halina neno. Linatoka machozi kidogo, ni moshi.

Mjomba wako


8 Aprili

Kinanda,

Sijui nimemkosea nini Mjomba. Zimepita wiki hazungumzi nami. Asubuhi anatoka kabla sijachemsha chai, anarudi jioni. Sahani yake anaichukua mwenyewe na kwenda nayo chumbani. Juzi kitasa cha jiko kilikwama, nikamwomba aniangalizie, akasema, "Mwite mwenye mikono." Nilidhani ni utani, nikacheka. Hakucheka.

Nimejiuliza kila kitu. Labda nilimkemea mno kwa habari ya vumbi. Labda ile siku nilimficha miwani ya jua ili asitoke. Nimemwuliza Mama, Mama anasema wanaume wa ukoo wao wakizeeka huwa hivyo, wanaudhiwa na upepo. Nimemwomba radhi bila kujua ninaomba radhi kwa lipi. Alisema, "Hamna shida," kwa ile sauti ya mtu aliye na shida.

Nikiwa nafua nguo zake nasikia harufu ya makaa. Nimemwuliza, akasema anakaa kule nyuma ya soko na wenzake wa zamani, wanapiga hadithi. Nikamwambia akae mbali na tanuri. Nikaona nikiendelea nitazidi kuwa askari jela, nikanyamaza.

Nawe unasikilizana naye kuliko mimi. Mwandikie, mwulize nimefanya nini.

Bawaba bado sijanunua. Fundi kila siku ananiambia subiri kidogo, subiri kidogo, nami sijui anasubiri nini.

Dada yako


16 Aprili

Dada,

Usijitese. Wazee ndivyo walivyo, leo mawingu, kesho jua. Mpe nafasi, asijione anachungwa. Nitamwandikia.

Kwa bawaba, msikilize fundi. Subiri kidogo.

Kinanda


16 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Jani. Nimechagua jani. Nimelala nikiliota.

Na Mjomba, usinione mchoyo, nimefikiri jambo. Mlango ukiwa na bawaba zako na madirisha yakawa na za dukani, nyumba itakuwa kama mtu aliyevaa koti zuri na kandambili. Kama mkono umeshapata joto, je, madirisha nayo? Yale mabawa ni mepesi, bawaba zake ni ndogo, kwako ni mchezo. Lakini wewe ndiye ujuaye.

Kuhusu Dada, usimweke moyoni. Alisema tu.

Mpwa wako,
Kinanda


2 Mei

Mdogo wangu,

Wewe mtu mbaya sana. Ulijua.

Jana nimerudi kutoka kupeleka nguo za watu, nikakuta fundi, na yule mwanafunzi wa Mjomba wa nyuma ya soko, na Mama amesimama bila fimbo, na mlango umekaa mahali pake. Mjomba yuko kando na koti lake la kanisani. Bawaba tatu, Kinanda. Ulimi unaanza mnene pale kwenye kigingi, unakonda polepole kadiri unavyokwenda, halafu mwishoni unapanuka kuwa jani, na jani lina mshipa katikati. Nimeusukuma mlango kwa kidole kimoja ukaenda mpaka ukutani wenyewe, kimya, ukasimama. Mama amezishika zote, moja moja, kama anapima homa.

Nilikasirika. Nilisema mbele ya watu, "Mjomba, daktari alisemaje?" Akanijibu, "Hizo zimefuliwa na mikono iliyokwisha." Akaingia ndani. Watu wakacheka, nami nikacheka nisionekane mjinga, lakini sikuelewa.

Sasa nikuambie na lililo baya. Hasira haikukaa. Jioni nilibaki kibarazani naufungua na kuufunga mlango kama wewe kule kwenye nyumba ya wageni. Nikajikuta nataka na za madirisha. Mwanafunzi wake ananiambia Mjomba ameshaanza, anauliza ncha ya madirisha iweje, nami badala ya kusema iishie hapo, nikasema mkia wa samaki. Nilisema hivyo kabla sijajisikia. Jicho lake lilikuwa jekundu, nililiona. Alisema amelala vibaya.

Nimemwomba aniruhusu nimtie dawa. Amekataa, anajitia mwenyewe mbele ya kioo.

Dada yako


27 Mei

Kinanda,

Mjomba yuko hospitali. Alianza kuumwa jicho tangu wiki iliyopita na hakumwambia mtu. Alipoona hawezi kuficha, akamwambia mwanafunzi wake, siyo mimi. Kidonda kimefunguka, kimeingia uchafu, na ndani kumeharibika vibaya. Mwanafunzi anasema siku za mwisho alikuwa anainama karibu na moto ili aone chuma kimeiva au la, kwa sababu kwa mbali alikuwa haoni tena rangi. Alikuwa amekwisha kufua za madirisha mawili.

Tunasubiri. Nakaa nje ya wodi. Ndani hataki niingie.

Dada yako


29 Mei

Dada yangu mpendwa,

Barua yako ya mlango nimeibeba mfukoni mpaka imekatika kwenye mikunjo. Nimewasomea hata wateja. Mwambie Mjomba mpwa wake anatembea kifua mbele. Mwambie mikia ya samaki umechagua vizuri. Nangoja kwa hamu kusikia madirisha yamekaa, na safari hii nikija, naja kweli.

Kinanda


9 Juni

Kinanda,

Barua yako ya kifua mbele ilifika siku aliporudishwa nyumbani. Sikumsomea.

Haoni. Anatofautisha mchana na usiku, basi. Daktari hakutugombeza, afadhali angetugombeza. Alisema tu kwamba alitueleza.

Tangu arudi, Mama ndiye anamshika mkono, na Mama mwenyewe anahitaji wa kumshika. Wanatembea uani kama watu wanaocheza dansi wasilolijua. Mimi nikimkaribia anajua, anarudisha mkono nyuma. Jana aligonga mguu kwenye benchi ya fundi, nikamkimbilia. Akasema, "Niache. Wewe ulishasema nimekwisha, sasa nimekwisha, umefurahi?"

Kinanda, mimi nimesema lini? Kwa nani? Nimekaa usiku natafuta siku niliyosema neno hilo siioni. Kama unajua, niambie. Na ukimwandikia, jua kwamba mimi ndiye nitakayesoma. Mama haoni herufi, na Mjomba hataki mtu wa nje asome barua zake.

Dada yako


20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Anayekusomea barua hii ni Dada. Dada, soma yote kama ilivyo, usiruke mahali.

Mjomba, Dada hakusema kwamba mikono yako imekwisha. Hakusema hata nusu yake. Alichoniandikia ni kwamba jicho lako ni kidonda, kwamba moto unaweza kulimaliza, na kwamba nisikuombe kwa sababu nikikuomba utafanya. Maneno ya mikono niliyatunga mimi. Nilijua kuhusu daktari siku niliyokuandikia. Nilijua, ndiyo maana nikaandika kwa herufi kubwa.

Nimejaribu kujiambia kwamba niliandika kwa haraka, lakini sivyo. Niliandika kama ninavyomwuzia mtu pampu. Nilitafuta mahali panapouma, nikagusa, kisha nikasema silazimishi. Ulipokubali nikaona nimefanikiwa. Nikaongeza madirisha. Na Dada aliponiuliza amekukosea nini, nilimwambia wazee ndivyo walivyo, nikalala.

Nilikuwa nimeanza kumwandikia Dada peke yake, ili yeye ndiye akueleze kwa namna yake. Niliichana ile barua. Niliona nakwenda tena nyuma ya mgongo wa mtu.

Nilitaka bawaba hizo kwa sababu sikuwa nimefanya lolote kwenye nyumba ile, na niliona kupanga ni sawa na kufanya. Nimekugharimu jicho lako, na Dada nimemgharimu wewe. Sijui niombe nini. Nikiomba radhi, najua itakavyosikika ikitoka kwangu.

Naweza kumlipa mwanafunzi wako amalizie madirisha mawili yaliyobaki. Au mziache. Semeni ninyi.

Kinanda


4 Julai

Kinanda,

Nilisoma yote, kama ulivyoagiza.

Ilikuwa asubuhi, uani, Mjomba kwenye kiti chake, Mama anachambua mchele. Sikuwa nimeifungua kabla, kwa hiyo tuliisikia pamoja. Nilipofika pale pasemapo Dada hakusema, nikaishusha barua mapajani. Mjomba akasema, "Endelea." Nikaendelea mpaka mwisho, mpaka jina lako. Kisha akaniomba nirudie hapo mwanzo. Nikarudia.

"Kwa hiyo hukusema."

"Sikusema, Mjomba."

"Na wakati wote ule ulikuwa unaniuliza umekosa nini."

"Nilikuwa nakuuliza."

Mama alikuwa ameacha mchele. Aliinuka akaingia ndani, na sijamsikia akitaja jina lako tangu siku hiyo. Sikuambii ili uumie, nakuambia kwa sababu huko uliko unaweza kudhani amekusamehe kwa kuwa ni mama yako.

Mjomba alinyoosha mkono hewani, siyo upande niliokuwepo. Nikahama nikaenda kukaa upande huo. Alinishika bega, akalipapasa mpaka kwenye shingo kama mtu anayehakikisha kitu ni chenyewe. Akasema anataka kuoga. Kumbe tangu atoke hospitali alikuwa akijipangusa tu kwa kitambaa, kwa kukataa nimpeleke bafuni. Nikampeleka. Nilimmwagia maji nimegeuka ukutani, yeye ananiambia sabuni iko wapi na wapi, na tukagombana kuhusu joto la maji kama zamani.

Usidhani lakini kwamba nimeketi hapa msafi nakuhukumu. Nilikuwa nafua mashati yenye makaa. Nililiona jicho jekundu nikasema mkia wa samaki. Jioni hiyohiyo nilimwambia Mjomba haya yote, nikiwa namkatia kucha. Alisikiliza, akasema, "Uliomba bawaba, hukuomba jicho." Nikamwambia hata Kinanda hakuomba jicho. Akasema, "Kinanda alikuwa na barua yenye maneno ya daktari mkononi." Na kunisamehe kwake haraka hivyo hakukunisaidia. Bado usiku nikifunga mlango naufunga kwa kusukuma ukingo wa mbao, nisiguse chuma.

Mwanafunzi usimlipe. Amekuja mwenyewe, amesema hafui kitu cha nyumba hii, kwa sababu naye aliambiwa Mjomba ameruhusiwa na daktari akaamini, na haoni kama ni sawa kuendelea. Kwa hiyo kwa madirisha mawili yaliyobaki nimekwenda dukani. Sikukuuliza. Mjomba alitaka kuja, nikamshika mkono tukaenda taratibu. Mwenye duka alimwekea bawaba za kila aina juu ya meza, naye akazipitia kwa vidole, anazikunjua, anasikiliza pini, anazinusa, anasema hii takataka, hii takataka, hii takataka yenye aibu kidogo. Alichagua hizo za aibu. Fundi amezipiga jana. Ukisimama barabarani unaona kabisa, madirisha mawili yako hivi na mawili vile. Watu wameanza kuuliza. Mama anawaambia vyuma viliisha.

Swali lako la mwisho, la kuomba radhi. Nilimwuliza Mjomba nikuandikie nini. Hajasema amekusamehe, nami sitamsemea, tumeona inakofika kumsemea mtu. Alisema hivi, nayaandika kama yalivyotoka:

"Mwambie aje. Barua yake nyingine sitaki kusomewa. Ni tamu mno, hata hii ya leo."

Basi njoo. Usijibu barua hii.

Dada yako